Mwanangu atafanya utafiti, au ataosha vyupa?

Safu ya Maswali ya Wasomaji

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu amepata nafasi katika chuo kikuu kidogo cha sanaa huria huko Ohio, Marekani, pamoja na msaada wa sehemu kubwa ya karo. Barua yao inasema kwamba wanafunzi hufanya utafiti pamoja na walimu wao tangu mwaka wa pili. Shemeji yangu aliyesoma Makerere ananicheka; anasema utafiti ni kazi ya vyuo vikubwa, na kwamba kwingineko mtoto wa shahada ya kwanza huambulia kuosha vyupa. Nishike lipi?
Mama wa watoto wanne, Busia

JIBU: Mama, kuosha vyupa ataosha, na hilo lisikutie hofu, kwa kuwa chupa iliyooshwa vibaya huharibu jaribio la wiki nzima. Lakini shemeji anapodai kwamba utafiti ni wa vyuo vikubwa peke yake, hapo amekosea.

Kwanza, jina lenyewe lisikupoteze. Sanaa huria si uchoraji wala ngoma; ni mfumo ambao mwanafunzi husoma hisabati, historia, falsafa na sayansi kabla ya kubobea katika fani moja, na vyuo vinavyoufuata kwa kawaida ni vidogo, huku karibu wanafunzi wote wakiwa wa shahada ya kwanza. Katika chuo kikubwa, profesa ana wanafunzi wa uzamivu, na kazi iliyonona huwaendea hao, ilhali wadogo hubaki kwenye foleni. Katika chuo kidogo foleni hiyo haipo, kwa sababu hao wa uzamivu hawapo. Profesa akitaka sampuli zipimwe, nyaraka za kale zisomwe au mahojiano yaandikwe, hana mikono mingine ya kuitegemea isipokuwa ya vijana wa umri wa mwanao. Si ajabu kwamba chama cha Marekani kinachotetea utafiti wa wanafunzi wa shahada ya kwanza kilianzishwa mwaka 1978 na wakemia waliokuwa wakifundisha katika vyuo vya aina hiyo.

Na kwa kuwa umetaja Ohio, nitakupa mfano wa huko huko. Tazama sufuria ya alumini iliyo jikoni kwako. Katika chuo cha Oberlin, mwalimu wa kemia Frank Jewett alizoea kuwaeleza wanafunzi wake kwamba alumini imejaa ardhini lakini hakuna aliyepata njia rahisi ya kuitoa, hata ikawa inauzwa kama madini ya thamani. Mwanafunzi mmoja, Charles Martin Hall, alilishika jambo hilo. Jewett alimpa ushauri na kumwazima vifaa, na Hall alipohitimu mwaka 1885 aliendelea na kazi hiyo katika banda la kuni la nyumbani kwao, kwa betri za kujitengenezea, huku dada yake Julia, ambaye naye alisoma kemia Oberlin, akimsaidia. Mwanzoni chungu chake cha udongo kiliyeyukia ndani ya mchanganyiko ulioyeyushwa, wenye alumini, ambao alikuwa akiupitishia umeme, na kuuchafua. Akakiwekea utando wa kaboni kwa ndani, na mwezi Februari 1886 akapata vitone vidogo vinavyong'aa. Mwaka huo huo Mfaransa Paul Héroult aligundua njia ile ile bila wao kujuana, na hadi leo alumini hutengenezwa kwa njia hiyo. Karibu na siku zetu yuko Jennifer Doudna, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2020; naye alifanya utafiti akiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika chuo kidogo cha Pomona, California, kwenye maabara ya mwalimu wake.

Hata hivyo sitaki umpandishe mwanao ndege ukiwa umesikia asali tu. Walimu wa vyuo hivyo hufundisha vipindi vingi, kwa hiyo utafiti wao huenda polepole, na sehemu kubwa hufanyika katika wiki nane au kumi za likizo ya kiangazi, ambapo mwanafunzi hulipwa posho. Hapa kwenye posho ndipo watoto wetu hukwama. Ruzuku kubwa ya serikali ya Marekani kwa utafiti wa namna hii, inayotolewa na shirika lao la taifa la sayansi, hulipa raia na wakazi wa kudumu pekee. Kwa hiyo mwanao aandike mapema aulize kama chuo kina fedha zake chenyewe ambazo mgeni anaruhusiwa kupewa. Aulize pia ni wanafunzi wangapi wa mwaka jana waliopata nafasi kati ya walioomba, na kama wapo waliotajwa kuwa waandishi katika makala zilizochapishwa. Chuo kinachofanya kazi hiyo kweli kitamjibu kwa majina ya makala. Kisichofanya kitamtumia picha za vijana waliovaa makoti meupe.

SWALI: Nasoma mwaka wa tatu katika chuo kidogo magharibi mwa Uganda. Kwa ajili ya tasnifu yangu niliwahoji wakulima 40 wa kahawa kwenye miteremko ya Rwenzori, kwa Lukonzo, nikatafsiri mwenyewe. Sasa mhadhiri wangu anataka kuandika makala kwa mahojiano hayo, na anasema jina langu litawekwa kwenye shukrani. Ni haki?
Mwanafunzi, Kasese

JIBU: Kwa ulivyoeleza, si haki, ingawa huenda mhadhiri amefuata mazoea tu. Mwongozo unaofuatwa na majarida mengi ya tiba, na ambao fani nyingine zimeuazima, humhesabu mtu kuwa mwandishi anapokuwa amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, kukusanya data au kuzichambua, akashiriki kuandika au kusahihisha, akaridhia nakala ya mwisho na kukubali kuwajibika kwayo. Sharti la kwanza umelitimiza. Basi usidai jina kabla ya kudai kazi: mwombe mhadhiri uandike sehemu ya mbinu na matokeo, maana hakuna anayeijua kuliko wewe. Usitegemee sana Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, kwa kuwa hailindi wazo. Hulinda namna wazo lilivyoandikwa.

Liko jambo ambalo nyote wawili hamkulitaja, nalo kwangu ni zito kuliko la jina. Wakulima hao walikubali kuhojiwa kwa ajili ya tasnifu. Ikiwa fomu ya ridhaa haikutaja makala ya jarida, rudini kwenye kamati ya maadili ya utafiti iliyowapa kibali, na kama hamkuwa na kibali chochote, mhadhiri alipaswa kukueleza tangu mwanzo kwamba utafiti unaohusu watu hupitia kamati hiyo, kisha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia. Kamati ikiwataka muwaombe wakulima ridhaa upya, nendeni pamoja, yeye na wewe, ili mhadhiri naye aione njia uliyopanda. Wakulima 40 si wengi. Kwa bodaboda na subira, wiki mbili zitatosha.