Binti yangu anahamia Manzese, nimwache?

SWALI: Habari za kazi, dada. Binti yangu mkubwa amepata kazi kwenye duka la dawa Kariakoo, na wanafunga saa tatu usiku. Ameona chumba Manzese, karibu na kituo cha Tip Top, na kodi yake anaimudu. Mjomba wake anayeishi huko Dar amekuja juu. Anasema Manzese ni ya vibaka na magenge ya vijana ya Panya Road, bora apange Sinza hata kama mshahara wote utaishia kwenye kodi. Mimi Dar nilifika mara ya mwisho msibani, na sikulala. Je, kuna takwimu zinazoonyesha mtaa upi ni salama? Nimwache aende?
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Mama mwenzangu, pole kwa mawazo. Nimelea mabinti wawili Mwananyamala, ambako nako watu wakikusikia unakaa huko wanaguna, kwa hiyo hofu yako naijua vizuri.

Takwimu zipo, ila kwa swali lako hazifiki mbali. Polisi wameigawa Dar mikoa mitatu ya kipolisi, yaani Ilala, Kinondoni na Temeke, na hesabu wanazotangaza mara nyingi ni za mafungu hayo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa mzima, kwa hiyo kila fungu ni kubwa mno. Ukisoma idadi ya unyang'anyi wa Kinondoni, humo yamo Manzese, Sinza na Masaki kwa pamoja. Tena wengi wanaoporwa simu hawaendi kituoni kabisa. Wanasema "ndiyo imeenda hiyo", wananunua nyingine. Mtaa unaweza kuonekana shwari kwenye daftari la polisi kwa sababu tu watu wake wameshakata tamaa ya kuripoti.

Mjomba wake simbezi. Panya Road walikuwepo kweli. Januari 2015 jioni moja jiji lilitaharuki, maduka yakafungwa, watu wakakimbia hata mitaa ambayo hakuna aliyekuwa amewaona. Mwaka 2022 wakarudi, wakawa wanavamia nyumba usiku na mapanga. Lakini mwaka huo vilio vilitoka hadi Kawe. Jina la Manzese ndilo linalobeba lawama za jiji zima, na hilo linaniuma, maana watu wa kule ni mafundi, wauza mitumba na mama lishe wanaoamka saa kumi alfajiri kutafuta riziki.

Na huko Sinza anakokusifia? Pikipiki yenye watu wawili inapita taratibu, yule wa nyuma ananyoosha mkono, pochi imekwenda, na mwenye pochi akiing'ang'ania anaburuzwa kwenye lami. Wanapenda barabara nzuri yenye njia ya kutorokea. Kwenye vichochoro vya Manzese kibaka anakuja kwa miguu, wanakuwa wawili watatu, wanakupiga roba na kukupekua. Hatari zipo pande zote mbili, ila kila moja ina dawa yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, binti asikague chumba mchana na dalali. Siku moja apande mwendokasi kutoka Gerezani saa ile ile atakayokuwa anatoka kazini, ashuke Tip Top, atembee hadi mlangoni, na mjomba awe naye. Aangalie wapi taa zinaishia. Kuna mama wa chapati au muuza chipsi aliye wazi saa tatu na nusu? Bodaboda inafika mlangoni, au inamwacha kwenye kona naye amalizie kichochoro peke yake? Kwangu mimi hilo ndilo la kuamulia. Chumba kilicho hatua chache kutoka barabarani, njia ina maduka, hicho achukue. Kama ni lazima avuke mtaro gizani na kupita kwenye kijiwe cha vijana wasiomjua, hapana, hata kodi iwe ya bure.

Ndani, aangalie dirisha. Wengi wanatazama nondo wakaridhika. Joto la Dar litamfanya alale dirisha wazi, na mwizi hahitaji kuingia. Anachana wavu kwa wembe, anapitisha mti mrefu wenye ndoano, anavuta suruali, mkoba, hata simu iliyo kwenye chaji. Kitanda na meza vikae mbali na dirisha, na kisilazwe kitu cha thamani mahali ambapo mti unaweza kufika.

Akishahamia, wiki ile ile aende kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, ajitambulishe, aandikwe. Aulize kama kuna ulinzi shirikishi na mchango wake ni kiasi gani, alipe, adai stakabadhi. Vijana wa ulinzi wakishamjua sura, akipita usiku wanamsalimia, na anayemvizia anaona kwamba huyu ana wenyewe. Polisi kwa dharura ni 112. Apige pia *#06# kwenye simu yake, namba itakayotokea aiandike kwenye daftari, akuachie na wewe nakala. Simu ikiibwa, kwanza afunge laini, maana pesa zake zimo humo, kisha aende kituoni na namba hiyo aandikiwe RB, yaani namba ya taarifa yake polisi. Na aende kweli, hata akiambiwa anajisumbua.

Kwenye mwendokasi watu wanabanana, begi alibebe kifuani.

Jibu langu ni kwamba mwache aende, ikiwa hiyo njia ya usiku imemridhisha yeye na mjomba. Akikaa Sinza kwa kodi inayommaliza, mwisho wa mwezi atakosa nauli ya bodaboda na atatembea, na hapo hatujamsaidia.

Jambo moja linakuhusu wewe. Najua utataka kumpigia usiku kuuliza amefika wapi. Usimpigie kati ya saa tatu na saa nne. Simu ikiita njiani ataitoa, na mwanga wake unaonekana tangu kichochoro cha pili. Mkubaliane kwamba atapiga yeye, akiwa ndani, mlango umefungwa.