Shingo yangu, mashine ya mzee na shemeji aliyenicheka

Juzi usiku kuna dogo wa Kasulu kanitumia meseji, "bro nimeona picha zako za zamani, shingo yako ilikuwa na vipele vya kunyoa kama yangu hivihivi, ulitumia dawa gani?" Nikacheka peke yangu mpaka waifu akataka kujua nachati na nani. Dawa! Mdogo wangu mi sijatumia dawa yoyote, nimebadilisha wembe na nimeacha kukandamiza, basi. Ila ngoja nikusimulie toka mwanzo, maana najua na wewe una siku yako unataka kutokea smati.

Yangu ilikuwa 2016, naenda kujitambulisha ukweni, Ujiji. Alhamisi nikanunua zile mashine za kunyolea za kisasa zenye nyembe tano zimepangana, kwa hela ile ningekula migebuka wiki nzima. Nikajipaka sabuni ya kuogea harakaharaka nikapiga kwenda juu, nikarudi chini, nikapiga tena juu, shavu likawa kama la kichanga nikalala najiona mfalme. Ijumaa panawasha. Jumamosi nimekaa mkekani na wazee wangu, shingo imeumuka vipele, vingine vina usaha, kola ya shati jeupe ina vidoa vya damu, na kaka wa bibi harusi, huyu shemeji yangu, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Huyu mgeni wetu mbona kama ana tetekuwanga?" Ukumbi mzima kicheko. Na mi nikacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko changu mwenyewe ndo kinaniuma kuliko chao.

Miaka iliyofuata naruka, nilifuga ndevu nikapaka kila kitu kinachopakwa.

Mzee wangu alikuwa mtu wa reli, Kigoma stesheni, na kazini haendi bila kunyoa. Ndevu zake za kipilipili kama zangu lakini shingo laini mpaka uzee wake, na mi mjinga nilikuwa namcheka, eti wembe wa kizamani. Alipofariki nikakuta mashine yake kwenye kikopo cha mafuta, imefungwa na kitambaa. Ya chuma, nzito, ukizungusha kitako cha mpini juu vinafunguka vimilango viwili kama mbawa za kumbikumbi, unalaza wembe wa pande mbili, unazungusha unafunga. Wembe wa dukani wa leo unaingia vilevile. Bwana King Camp Gillette alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine za jamii hii Marekani mwaka 1904, we fikiria, na mpaka sasa hivi mangi wa mtaani ana wembe wake kwenye kabati.

Sasa kwa nini inatusaidia sisi wenye ndevu za kujikunja? Ile ya nyembe nyingi, wembe wa mbele unauvuta unywele, wa nyuma unaukata, na ukishakatwa unarudi ndani chini ya ngozi. Ukianza kuota umejikunja, badala ya kutoka unachoma nyama ya humohumo, ndo kipele. Wembe mmoja unakata usawa wa ngozi, hauchimbi. Ndo maana nasema usitafute kulainika kama kichanga, tafuta kuwa msafi tu, hata ukipapasa ukasikia mkwaruzo kidogo acha.

Kwenye kuchagua mashine, chukua nzito kidogo na yenye ukingo uliofungwa, usio na meno. Zile zenye meno kama kitana ni za mtu mwenye ndevu za wiki nzima na mkono wake ushazoea, we bado. Wembe ndo usimsikilize mtu, hata mimi. Kuna Astra, kuna Derby ya Uturuki, kuna Treet ya Pakistani, kuna Feather ya Japani ambayo ni kali hasa na inataka mkono uliotulia. Ngozi zetu hazifanani, kwa hiyo usinunue boksi zima siku ya kwanza, chukua mojamoja za aina tofauti, kila aina nyolea mara mbili tatu ndo uamue. Mimi wembe mmoja naunyolea mara nne, ukianza kuvuta nautupa. Na usiufute na taulo, suuza, kung'uta.

Halafu maji. Oga kwanza, maji ya moto, ndevu zikinywa maji dakika tatu zinalegea. Povu zito, brashi. Sisi wa huku tuna bahati ya mawese, sabuni nzuri ya mawese iliyochanganywa na mafuta ya mise, yaani kokwa za mchikichi, inatoa povu zito linalokaa, ila sio ile ya kufulia, ile itakuchubua. Mpini uanze umelala, kichwa cha mashine kimegusa shavu, shusha taratibu mpaka usikie wembe unakwaruza, hapohapo kati ya wembe na ngozi ni kama nyuzi 30, shikilia hapo. Fuata ndevu zinakolalia, na shingoni zinalala kwa kujipinda, kapapase kwanza. Usikandamize. Uzito wa chuma unatosha. Narudia usikandamize, maana najua utakandamiza. Ukimaliza maji baridi na shabu, lile jiwe, litauma kidogo.

Na vijana tuache haraka, mtu anaweka dakika arobaini kuchagua picha ya kuposti halafu shingo yake anaipa dakika mbili, kavu, na wembe aliouazima kwa jirani. Wembe hauazimwi jamani, homa ya ini hiyo.

Mwezi uliopita shemeji kaja kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kakaa, kanywa chai, kapiga stori za mvua, mwisho kashindwa. "Shem, hivi we shingoni unafanyaje?" Kumwangalia, vipele kidevu kizima. Nilikuwa na maneno yangu nimeyatunza toka 2016. Sikuyasema. Nikampa nyembe tatu za aina tatu kwenye karatasi zake, nikamwelekeza duka la mashine. Akaulizia ya mzee, kama naweza kumwazima ajaribie kwanza. Nikamwongezea chai.