Uliza Ujibiwe: Mikanda ya Zamani ya Ndege za Majaribio

SWALI: Wataalamu, salaam. Kijiweni kwetu tumebishana mpaka basi. Kuna video inayodai kuonyesha siku ya 1947 binadamu alipovuka kasi ya sauti kwa mara ya kwanza, na ndege inaonekana ikipaa kutoka ardhini. Mzee mmoja anasema huo ni uongo, ndege ile iliachiwa angani kutoka kwenye ndege nyingine. Nani mkweli?
Msomaji, Muheza

JIBU: Mzee amepatia siku, na video huenda imepatia ndege. Tarehe 14 Oktoba 1947 rubani Mmarekani Chuck Yeager aliachiwa na ndege yake ya roketi, Bell X-1, kutoka tumboni mwa B-29, ndege ya mabomu, juu ya jangwa la Muroc, California, akafika Mach 1.06, yaani mara 1.06 ya kasi ya sauti. Alkoholi na oksijeni ya kimiminika za injini ile ya roketi zilikuwa za dakika chache tu, kwa hiyo haikufaa kuzimalizia kwenye kupanda. Lakini tarehe 5 Januari 1949 Yeager huyohuyo aliipaisha X-1 kutoka uwanjani, mara hiyo moja. Mkiiona inakimbia chini na kunyanyuka kwa nguvu zake, mnatazama 1949. Maneno ya 1947 yamebandikwa baadaye.

Wahariri wa zamani walikuwa na tabia hiyo: kipande kinachopendeza huchomekwa popote. Tazameni dirisha la rubani. X-1 ya 1947 ina vioo vilivyolazwa sawasawa na pua. Kibanda cha rubani kikiwa kimeinuka juu ya mgongo wa ndege, hiyo ni X-1 ya baadaye, kama X-1E, iliyoanza kuruka 1955. Na ile ngurumo isiwape ushahidi wowote. Kamera nyingi za majaribio hazikurekodi sauti. Mlio uliongezwa studio, na si ajabu ukawa wa ndege nyingine kabisa.

SWALI: Shikamooni. Marehemu mjomba alikuwa akionyesha sinema kwenye mashamba ya mkonge, ameniachia makopo sita ya mikanda ya milimita 16 pamoja na projekta. Mawili yameandikwa kwa mkono "X-15". Yananuka siki. Naweza kuyaonyesha?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Marahaba. Usiuguse mkanda wowote kwa projekta kabla hujaupima. Harufu hiyo ni asetati, plastiki ya mkanda wenyewe, inayooza. Joto na unyevu huifanya itoe asidi ya siki, asidi nayo huuchochea uozo, na mvuke wake huambukiza makopo ya jirani. Yanayonuka yatenge leo hii, chumba kingine. Kopo lililoshika kutu usilirudishe kazini. Nakili kila kilichoandikwa juu yake, kisha mkanda uhamie kwenye kopo la plastiki lenye matundu ya hewa, ulazwe, usisimamishwe.

Sasa kipimo. Vaa glovu za pamba, shika kingo tu, kunjua futi tatu za mwanzo juu ya meza safi. Fremu 100, yaani picha moja moja za mkanda, za nakala mpya ya kuonyeshea zina urefu wa milimita 762. Mkanda uliopita ndani ya kamera mara nyingi huwa na 760.5. Tumia rula ndefu ya chuma, si tepu ya fundi cherehani, kwa kuwa tepu hunyumbuka na hapa tunatafuta milimita moja moja. Ukipata 756 kwenye nakala, imesinyaa kwa asilimia 0.8, na meno ya projekta yataanza kuchana vitundu vya ukingoni. Kuanzia hapo ni skana isiyo na meno peke yake, yaani mashine inayonakili mkanda kuwa faili la kompyuta. Mkanda uliojikunja mawimbi, au wenye unga mweupe, ndio uutangulize kwa mwenye skana, huo haungoji.

Ukungu nao una mtego wake. Hula jelatini, tabaka linaloshika picha, na kuifanya iyeyuke kwa maji, hivyo ukifuta kwa kitambaa kibichi picha inatoka nacho. Uache ukauke kwenye chumba chenye kiyoyozi, halafu pangusa nje kwa brashi laini, barakoa usoni. Juani usianike.

Friji ya nyumbani inafaa wakati unasubiri skana: mifuko miwili ya plastiki iliyozibwa barabara. Siku ya kutoa, usifungue mpaka ubaridi uishe, yaani siku nzima. Ukiwahi, unyevu wa pwani utageuka matone juu ya picha.

Kuhusu maandishi ya mjomba: ukingoni mwa filamu ya Kodak kuna maumbo madogo, duara, mraba au pembetatu, yanayotaja mwaka filamu ghafi ilipotengenezwa. Yanajirudia kila baada ya miaka 20, na nakala inaweza kubeba pia alama za mkanda wa asili, kwa hiyo soma picha pamoja nayo. X-15, ndege ya roketi ya majaribio ya Marekani, iliruka mara 199 kati ya 1959 na 1968. Ilibebwa chini ya bawa la ndege ya mabomu B-52, na ikitua utaona magurudumu puani tu. Nyuma ina skii mbili za chuma.

SWALI: Filamu yangu ya maonyesho ya ndege imegeuka nyekundu yote. Kuna dawa?
Msomaji, Pangani

JIBU: Kwenye mkanda wenyewe hakuna. Samawati na njano zimefifia, nyekundu ikabaki. Ichanganuliwe kwa skana, kisha kila rangi irekebishwe peke yake. Kodachrome, aina ya filamu ya rangi ya Kodak, ya umri huohuo kwa kawaida haifanyi hivyo.

SWALI: Sisi wanafunzi wa sanaa tunataka kutumia picha za kamera za bunduki za ndege za vita, zile zilizorekodi bunduki zikifyatuliwa. Ni bure? Na mbona kasi yake si ya kawaida?
Wasomaji, Bagamoyo

JIBU: Filamu iliyotengenezwa na watumishi wa serikali kuu ya Marekani wakiwa kazini, iwe ya jeshi la anga au ya NASA, haina hakimiliki nchini humo. Muziki uliomo unaweza kuwa na mwenyewe, na filamu za viwanda vya ndege si za serikali. British Pathé, kampuni ya Uingereza ya filamu za habari, waliweka filamu 85,000 mtandaoni 2014: kutazama ni bure, kutumia ni kwa ruhusa.

Kamera ya AN-N6, mojawapo ya kamera hizo za bunduki, ilibeba futi 50, yaani fremu 2,000, na ilipiga fremu 16, 32 au 64 kwa sekunde. Kwa 64 mkanda unaisha ndani ya sekunde 31. Iliyopigwa kwa 16 ikionyeshwa kwa 24 inakimbia mara moja na nusu. Kwenye programu ya kuhariri ishusheni hadi asilimia 66.7. Zimeni kipengele cha kuchanganya fremu, la sivyo ndege itaota mabawa mawili mawili. Faili likiwa na mistari ya meno ya msumeno kwenye kingo za mabawa, limetoka kanda ya video: ondoeni mistari kwanza, ndipo mguse kasi.