Umeongeza RAM, mbona BASIC haioni?

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980. Nimechukua nne, na kila moja inafuatwa na jibu langu. RAM ni kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, na BASIC ni lugha ya kuandikia programu iliyomo ndani ya mashine hizi.

Nimechomeka katriji ya RAM ya kilobaiti 8 kwenye Commodore VIC-20. Gemu niliyoinakili kutoka gazeti la zamani ilikuwa inacheza vizuri, sasa skrini haionyeshi kitu cha maana. Katriji ni mbovu?

Nzima kabisa. VIC-20 ikiwa tupu ina kilobaiti 5, na BASIC hukuachia baiti 3583. Skrini yake huanzia anwani 7680, yaani nafasi yenye namba hiyo kwenye kumbukumbu. Ukiongeza kilobaiti 8 au zaidi, mashine huihamishia skrini kwenye 4096 ili programu ipate eneo moja refu lisilokatika, na kumbukumbu ya rangi za skrini huhama kutoka 38400 kwenda 37888. Gemu yako haina habari hiyo. Inaendelea kufanya POKE 7680 (amri ya kuandika kwenye anwani hiyo), na herufi zinaangukia ndani ya eneo la programu yenyewe! Katriji ndogo ya kilobaiti 3 haihamishi skrini, ndiyo maana wengine hawakuwahi kupata shida hii.

Dawa ni kuiuliza mashine. Anza programu kwa S=256*PEEK(648) na C=37888+4*(PEEK(36866)AND128), ambapo PEEK husoma kilichomo kwenye anwani, kisha hesabu nafasi za skrini kutoka S na za rangi kutoka C. Au chomoa katriji tu. Zima umeme kwanza, tafadhali.

Commodore 64 yangu inaandika baiti 38911 ikiwaka. Nyingine zimekwenda wapi? Na FRE(0), ya kuuliza nafasi iliyobaki, inanipa namba hasi.

Kilobaiti zote 64 zimo. Ila prosesa ya 6510 inafikia anwani 65536 na si zaidi, na ROM (kumbukumbu ya kudumu isiyoandikwa) ya BASIC, ROM ya KERNAL (mfumo wa msingi wa mashine), na chipu za picha na sauti nazo zinadai anwani humo humo, zikiifunika RAM. Programu ya lugha ya mashine inaweza kuifunua kwa kubadili anwani 1. Ukiandika BASIC huwezi kuondoa ROM ya BASIC, maana ndiyo inayokuendesha. Kuna baiti 4096 kuanzia 49152 ambazo BASIC haizigusi. Wengi huweka hapo vijiprogramu vyao.

Namba hasi ijumlishie 65536, utapata jibu.

Kompyuta yangu ya ZX81 yenye pakiti ya RAM ya kilobaiti 16 inazima nikibonyeza vitufe kwa nguvu.

Pakiti inacheza kwenye kiungio cha nyuma. Safisha miguso, ishikize kwa ile nta ya kubandikia mabango ukutani kama walivyofanya Waingereza, na hifadhi kazi kwenye kaseti mara kwa mara.

Je, 1750, katriji ya kuongeza RAM yenye kilobaiti 512, itaipa kasi Commodore 64?

Prosesa itabaki kwenye megahezi 1 ile ile, na BASIC haitapata hata baiti moja zaidi. Kinachobadilika ni kunakili: kifaa hicho huhamisha data chenyewe, baiti moja kwa kila mpigo wa saa, yaani karibu baiti milioni kwa sekunde. Kiendesha diski cha 1541 hutoa baiti mia chache tu kwa sekunde. Mtumiaji wa GEOS (mfumo wa madirisha na picha) atafurahi sana. Kwa gemu za kawaida, mimi nisingenunua. Na kumbuka 1750 ilitengenezwa kwa ajili ya Commodore 128. Iliyolengwa 64 ni 1764 ya kilobaiti 256, na ilikuja na adapta yake ya umeme yenye nguvu zaidi. Ukichomeka 1750 kwenye 64, tafuta adapta kama hiyo kabla hujawasha.