Uliza Tukujibu: Watafiti wa China walienda wapi?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Niko chuo hapa Morogoro, tumepewa asaimenti ya kulinganisha idadi ya watu wanaofanya utafiti na maendeleo kwenye nchi mbalimbali. Nimechora grafu ya China, inapanda vizuri tu halafu 2009 inadondoka kama embe bivu, toka karibu watafiti milioni 1.6 mwaka 2008 mpaka kama milioni 1.15. Mwenzangu wa rumu anasema ni ule mtikisiko wa uchumi, watu walipunguzwa makazini. Mi nahisi nilikopi vibaya. Nani yuko sahihi? – A.M.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujakopi vibaya, na huyo mwenzako kabahatisha. Hakuna aliyefukuzwa kazi, kilichobadilika ni daftari la kuhesabia. Kuna mwongozo unaitwa Frascati, ni jina la mji jirani na Roma ambako wataalamu wa OECD, ule umoja wa kiuchumi wa nchi zilizoendelea, walikutana 1963 kukubaliana kipi ni utafiti na kipi siyo. China kabla ya 2009 ilikuwa inahesabu fungu lake la "wanasayansi na wahandisi", ambalo ni pana, 2009 ndo wakaanza kufuata maana ya mtafiti ya huo mwongozo, basi watu zaidi ya laki 4 wakatoka kwenye fungu huku asubuhi wanaamkia kazi ileile. Ukitaka kumnyamazisha mwenzako muonyeshe jumla ya wafanyakazi wote wa utafiti, yaani watafiti, mafundi wa maabara na wasaidizi, mwaka huohuo ilipanda toka kama milioni 2 mpaka kama milioni 2.3. Mtikisiko gani huo?

Kwa hiyo kwenye grafu yako ukate mstari hapo 2009, usiuunganishe. Kwenye majedwali huwa wanaweka kaherufi kadogo pembeni ya namba kukuonya, ila nani anakasoma.

Sasa kuna mtego mwingine, na huu ndo unawamaliza wengi. Unahesabu vichwa au unahesabu muda? Chukulia mwalimu wako hapo chuoni, Jumatatu mpaka Alhamisi anafundisha na kusahihisha mitihani, Ijumaa ndo anavaa gambuti anaenda kupima mahindi yake ya majaribio. Kwa vichwa huyo ni mtafiti 1, kwa muda ni 0.2, yaani mpaka wapatikane watano kama yeye ndo unapata mtafiti mmoja kamili. Kenya mwaka 2010 ilikuwa na watafiti kama 13,000 kwa vichwa, kwa muda wakabaki kama 9,300. Ukichukua vichwa vya Kenya ukavilinganisha na muda wa Ujerumani umeshaharibu asaimenti. Na uangalie nani yumo: anayesomea PhD anahesabiwa mtafiti, fundi wa maabara anaingia kwenye jumla lakini siyo kwenye watafiti, mama wa kantini na mlinzi wa getini hawamo kabisa japo gharama zao zinaingia kwenye hela za utafiti (nami nilishangaa).

Halafu gawa kwa idadi ya watu. Kwa jumla China ni jitu, lakini 2018 ilikuwa na watafiti kama 1,300 kwa kila watu milioni, ambayo ni karibu na wastani wa dunia, wakati Korea Kusini walikuwa karibu 8,000, na wengi wao wako kwenye makampuni. Huku kwetu wengi wako vyuoni na kwenye taasisi za serikali, ndo maana lile suala la Ijumaa linatuuma zaidi kuliko wao. Ah, na Marekani usihangaike kuitafutia jumla ya wafanyakazi wote, kwa miaka mingi wametoa watafiti tu, utakuta kisanduku kitupu.

SWALI: Je daktari wa kawaida wa wodini anahesabiwa mtafiti? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Akitibu tu, hapana. Mwongozo wenyewe wa Frascati unatoa mfano wa kuchunguza maiti: ukipasua kujua marehemu kafa na nini, hiyo ni kazi ya kila siku, ila ukipasua kuchunguza vifo fulani ujue kama dawa ya saratani ina madhara, hapo ni utafiti. Daktari yuleyule, kisu kilekile.