Maswali ya Ushonaji: Vijifuko Vinavyobana

SWALI: Bi. Mshauri, nimejishonea mfuko wa kitenge wenye vijifuko vitatu kwa nje, ili niutie ndani ya mkoba, kwa sababu kila nikipanda matatu kwenda mjini huhangaika kutafuta funguo na sarafu huku kondakta akinisubiri. Kwa macho unapendeza, lakini nikiweka simu au pakiti ya tishu, kijifuko hubana na mfuko mzima hupinda. Kitenge nilikinunua Biashara Street na vipimo nilivifuata. Nimekosea wapi?
Msomaji, Umoja

JIBU: Ndugu msomaji, bila shaka ulikata kitambaa cha vijifuko kwa upana uleule wa mfuko. Kitambaa kilicholazwa bapa juu ya kingine hupokea kitu bapa tu, kama kitambulisho. Simu ina unene, na unene usipotengewa nafasi huvuta kitambaa cha nyuma mpaka kipinde. Dawa yake ni marinda, yaani mikunjo inayokipa kijifuko nafasi ya kutanuka.

Tuseme mfuko ukiisha uwe na upana wa sentimita 36. Kata kipande cha nje na cha bitana (kitambaa cha ndani), kila kimoja sentimita 38 kwa 44, ukihesabu sentimita 1 ya mshono kila ukingo. Kipande cha vijifuko kiwe sentimita 50 kwa 30, ukikunje mara mbili kwa urefu ili mkunjo uwe mdomo wa vijifuko na usihitaji kupindwa tena. Zile sentimita 12 zinazozidi 38 za mfuko zinagawanywa sentimita 4 kwa kila kijifuko: huku rinda la sentimita 1, kule jingine, kwa kuwa kila rinda hula kitambaa maradufu ya kina chake. Yabane marinda kwa pini upande wa chini pekee, mdomo uachwe wazi.

Vijifuko vishonwe kwenye kipande cha nje kabla ya kukiunganisha na bitana, sentimita 3 juu ya mstari wa katikati, ambao ndio utakaokuwa kitako. Mistari ya kuvigawa ianzie chini ikipanda, na ifikapo mdomoni urudishe cherehani nyuma mara mbili, maana hapo ndipo mkono huvuta na uzi hukatika. Kisha kunja kila kipande katikati, nyuso za kitambaa zikitazamana, ushone mbavu. Katika ubavu mmoja wa bitana uache upenyo wa sentimita 10. Ingiza cha nje ndani ya bitana, nyuso zitazamane, shona mdomo kuzunguka, geuza kupitia upenyo ule, kisha uuzibe kwa mkono.

Kitenge kipya kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa. Binafsi napenda zaidi jinzi kuukuu la Gikomba kwa upande wa nje: limeshafuliwa mara nyingi, halitasinyaa tena, na husimama lenyewe bila kutiwa kitambaa kigumu. Ila litataka sindano namba 16. Kitenge kinatoshwa na namba 14.

Mfuko ulionao usiutupe. Fumua vijifuko peke yake, kata kipande kipya chenye ziada hiyo, pinda kingo zake ndani, ukishone juu ya mfuko ulivyo. Mshono utaonekana kwenye bitana, kwa hiyo chagua uzi unaofanana nayo kwa rangi.