Mzee wangu, usitie sahihi huo wosia kabla hujaona cheti cha wadhamini wa kituo

Salamu nitazileta mwishoni, kwanza tuiokoe nyumba yako.

Umeandika kwamba umestaafu reli, uko Isevya hapo Tabora, na Mungu akikuchukua unataka nyumba yako ya pili iende kwa "kituo cha yatima cha jirani". Unauliza wakili anachukua kiasi gani, wosia ukautunze wapi, na kama watoto waambiwe. Mimi nimeganda hapo kwenye "kituo cha yatima cha jirani". Maneno ya namna hiyo hiyo yaliandikwa kwenye wosia wa marehemu baba yangu hapa Ujiji, na mimi ndiye niliyempeleka steshenari kuyachapa.

Baba alikuwa na ekari 3 za michikichi upande wa Simbo. Mwaka 2014 akasema akifa ziwe za yatima waliokuwa wakilelewa mtaa wa nyuma yetu, wale aliozoea kuwapelekea mawese kila Ijumaa. Theluthi ya mali, mpaka wa wosia wa Mwislamu, hakuivuka. Shehe alimpigia hesabu, akamkumbusha hadithi ya Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, kwamba theluthi yenyewe ni nyingi. Mashahidi walikuwepo wawili, na hakuna aliyekuwa mrithi. Kila kitu sawasawa, ila jina la anayepewa. Jamaa wa steshenari, anayejiita mtaalamu wa mikataba, akatuambia: "Andikeni kituo tu, si kila mtu anakijua?" Nikamwamini. Mpaka leo nikipita mlangoni kwake nakasirika upya, maana alikula pesa ya mzee kwa kazi asiyoijua, na bado anawaandikia watu.

Baba akafariki 2018. Mama mlezi wa wale yatima alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Mahakama ya Mwanzo ikamteua kaka yangu kuwa msimamizi wa mirathi, akataka kulikabidhi shamba. Amkabidhi nani? Akatokea mtoto wa yule mama na nakala ya wosia mkononi, akidai: "Kituo kilikuwa cha mama yangu, kwa hiyo shamba ni langu." Wakatokea wawili wa kamati ya kituo, nao wenyewe hawasalimiani. Hakimu akauliza cheti cha usajili wa wadhamini kiko wapi. Wakatoa barua ya serikali ya mtaa. Wakatoa karatasi ya ustawi wa jamii. Lakini ruhusa ya kulea watoto si ruhusa ya kumiliki ardhi, mzee wangu! Pale hapakuwa na mpokeaji anayetambulika kisheria. Kulikuwa na jina lililozoeleka mtaani, basi.

Tukaenda na kurudi miaka 2. Shamba halina mwenyewe, chikichi zinavunwa usiku na watu tusiowajua. Mwishowe wosia ule ukakwama, shamba likarudishwa kwenye mirathi, tukagawana, na mdogo wangu mmoja akauza fungu lake. Wale watoto hawakupata hata kikombe kimoja cha mawese. Hilo ndilo linaloniuma kuliko shamba lenyewe. Mzee alikufa akiamini ameshawaachia kitu.

Kwa hiyo usimwachie mali mpokeaji ambaye cheti chake hujakishika mkononi. Msikiti, kanisa au kituo husajili bodi ya wadhamini kule RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, kwa Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Bodi hiyo ndiyo inayomiliki ardhi kwa jina lake, inashtaki na kushtakiwa, na mjumbe akifa yenyewe inabaki. Kama ni NGO, nayo ina cheti chake cha usajili. Jina lililoko kwenye cheti linakili herufi kwa herufi, hata likiwa la Kiingereza na refu kama treni ya Mpanda. Usilifupishe, usilitafsiri, wala usiandike jina la mlezi.

Kisha ongeza sentensi ambayo sisi hatukuwa nayo: kwamba siku utakapofariki, kama taasisi hiyo haipo tena, msimamizi aipe nyumba taasisi nyingine inayolea yatima mkoani Tabora, yenye usajili kamili. Sentensi ya namna hiyo ingeweza kuliokoa shamba la baba, kwa sababu mama mlezi alikufa kabla yake na hakuna aliyewaza hilo.

RITA hao hao wanahifadhi wosia, basi ukienda kuulizia usajili wa kituo peleka na wosia wako. Watoto waambie ukiwa hai, wakukasirikie wewe mwenyewe uwajibu.

Kesho asubuhi steshenari usiende. Nenda kwa mlezi wa hicho kituo cha jirani, umwombe cheti cha wadhamini, sio barua. Akikwambia kipo lakini kiko kwa katibu, subiri huyo katibu mpaka arudi. Ukishakiona, liandike hapa jina la taasisi lilivyo tulitazame pamoja kabla hujachapa chochote.

Shikamoo, mzee wangu.